Ukiandika historia ya klabu yenu ya bolsi, anzia kwenye nyasi

Nilipopewa kazi ya kuandika historia ya klabu yetu ya bolsi, mchezo huu wa kuvingirisha matufe nyasini, nilianza pale wanapoanza makatibu wengi. Nilifungua kabati la ofisi, nikatoa majalada, nikapanga majina ya wenyeviti kwa mfuatano wa miaka. Miezi ikapita. Nikawa na kurasa nyingi za majina, vikombe na picha za watu waliovaa meupe. Nikampelekea mzee mmoja aliyetunza uwanja wetu kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alisoma taratibu hadi ukurasa wa mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, uwanja wenyewe uko wapi humu?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilizitupa zile kurasa nikaanza upya, safari hii kwa kumfuata yeye huku na huko akiwa na jembe lake la kutobolea ardhi. Haya ninayoandika ni kwa ajili yako uliyekabidhiwa kazi kama ile, pengine kwa sababu klabu yenu inakaribia kutimiza miaka kadhaa na kamati inataka kitabu.

Anza na nyasi, kwa sababu katika mchezo huu nyasi ndizo zinazoamua. Uwanja ni mraba tambarare wenye upande wa takriban mita 31 hadi 40, umezungukwa na mfereji, na nje ya mfereji kuna ukingo ulioinuka. Tufe lenyewe halikuchongwa likawa duara kamili, kwa hiyo linapopungua kasi huanza kukata kona kuelekea upande mmoja. Nyasi zikiwa fupi, kavu na ardhi ikiwa ngumu, tufe huteleza polepole kwa muda mrefu na kupinda sana. Nyasi zikiwa na unyevu, lazima ulitume kwa nguvu, na halipindi sana. Ndiyo maana wachezaji hupima wepesi wa uwanja kwa sekunde ambazo tufe huchukua tangu liachwe mkononi mpaka lisimame umbali wa mita 27 hivi: sekunde zikiwa nyingi, uwanja ni mwepesi, kwa kuwa tufe lililosukumwa taratibu bado linafika. Viwanja vya Uingereza mara nyingi huwa vya sekunde 10 hadi 12, ilhali Australia na New Zealand si ajabu kupita 15.

Sasa fikiria maana yake kwa historia yenu. Kila mara udongo ulipobadilishwa, mbegu mpya ilipopandwa au rola nzito iliponunuliwa, wanachama walianza kucheza mchezo mwingine mahali pale pale. Bingwa wa uwanja mzito huenda asifue dafu kwenye uwanja mwepesi. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mchezaji fulani "alishuka kiwango", kumbe mwaka ule uwanja ulifumuliwa wote ukapandwa upya, na mkono wake uliozoea kusukuma kwa nguvu ukakosa kazi. Hilo niliambiwa na mtunza uwanja. Katika kumbukumbu za vikao halimo.

Kwa hiyo uliza: ardhi ilikuwa ya nani, ilipatikanaje, nani aliisawazisha na kwa vifaa gani? Maji yanatokea wapi na yanaelekea wapi? Kuna mwaka ukame uliua nyasi? Kuna kona ambayo tufe hupinda kinyume na matarajio, na kwa nini? Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilikuja lini? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mashine hiyo ilibuniwa na Edwin Budding huko Uingereza mwaka 1830. Kabla yake nyasi zilikatwa kwa fyekeo au zililishwa kondoo, na uwanja laini ulihitaji mkono wa fundi hasa. Mashine ndiyo iliyofanya uwanja mzuri uwezekane hata kwa watu wasio na mashamba makubwa. Miaka 18 hivi baadaye, mnamo 1848 na 1849, William Mitchell wa Glasgow, Scotland, akaandika kanuni zilizowawezesha watu wa viwanja tofauti kucheza mchezo mmoja bila ugomvi. Hayo mawili yanatosha kuwa utangulizi. Usimpe msomaji kurasa 20 za historia ya dunia kabla hajaona lango la klabu yake.

Baada ya nyasi, tafuta daftari la mtunza fedha. Lilinifaa kuliko mihtasari ya vikao. Mihtasari huandikwa na walioshinda mjadala, na sentensi kama "baada ya majadiliano marefu, wajumbe waliafikiana" inaweza kuwa imefunika mwaka mzima wa watu kutosalimiana. Daftari la fedha halina adabu za namna hiyo. Linaonyesha mbolea, mafuta ya mashine, uzi wa kugawia njia za kuchezea, rangi ya banda. Linaonyesha mwezi ambao ada za watu kadhaa ziliacha kuingia kwa mpigo. Ukiona hivyo, rudi kwenye mihtasari ya mwezi huo, kisha umtafute mtu aliyekuwepo.

Katika daftari letu nilikuta chai. Majani, sukari na maziwa, kila wiki ya msimu, miaka nenda miaka rudi. Aliyeipika hatajwi popote. Nilipouliza, wazee walinitazama kama mtu aliyeuliza jua huchomoza wapi. Ni akina mama, wakasema. Basi nikawauliza akina mama wenyewe, na hapo nikagundua kwamba nilikuwa nimekaribia kuandika historia ya nusu ya klabu. Kwa miaka mingi wao walihesabiwa kuwa washirika, walilipa ada ndogo, walicheza siku za katikati ya wiki tu, na hawakupiga kura. Klabu nyingi zilikuwa hivyo. Chama cha kitaifa cha wanaume wa England kilianzishwa mwaka 1903, cha wanawake kikaja mwaka 1931. Bolsi imo katika michezo ya Jumuiya ya Madola tangu ile ya kwanza ya Hamilton, Canada, mwaka 1930, na imekosekana mara moja tu, Kingston mwaka 1966. Hata hivyo wanawake hawakupata mashindano yao ya bolsi humo mpaka Brisbane, mwaka 1982.

Swali la nani aruhusiwe kukanyaga nyasi lina umri mkubwa kuliko klabu yoyote unayoweza kuiandikia. Mwaka 1541, katika enzi ya Mfalme Henry VIII, sheria ya England iliwakataza mafundi, vibarua na watumishi kucheza bolsi isipokuwa wakati wa Krismasi, tena nyumbani kwa mabwana zao na mbele yao. Mwenye ardhi ya kutosha aliweza kupewa kibali cha kucheza kwake. Makatazo hayo yaliondolewa mwaka 1845. Klabu yenu nayo ina mlango wake uliowahi kufungwa mbele ya mtu fulani, kwa jinsia, rangi, kazi au dini. Mtafute mtu huyo. Ikiwa hayupo tena, tafuta watoto wake. Msomaji wa nje atakiamini kitabu chenu kwa sababu ya sura hiyo, na walioumizwa wataona kwamba nao wamo.

Kuhusu namna ya kuhoji wazee, nina ushauri mmoja ninaousisitiza: usimkalishe mtu mezani ukamwambia akusimulie historia. Atakupa hotuba. Mpeleke uwanjani, mpe tufe la zamani la mti alishike. Matufe hayo yalichongwa kwa mti wa lignum vitae, mzito kiasi cha kuzama majini, kabla ya yale ya mpira mgumu yaliyoanza kutengenezwa na William Hensell huko Melbourne mwaka 1918, na ya plastiki yaliyofuata miaka ya 1930. Mama mmoja mwenye umri mkubwa alikuwa amenijibu kwa neno moja moja nusu saa nzima. Nilipomwekea tufe la mti kiganjani aliligeuza, akatafuta kiduara chenye herufi za jina la mwenyewe, akaanza kuzungumza, na sikuuliza swali jingine mpaka kiza kilipoingia.

Miaka itawatatiza. Wawili walioshuhudia jambo moja watakupa tarehe mbili. Usiwabishanishe. Uliza ilikuwa kabla au baada ya banda kuezekwa upya, mti wa pembeni ulikuwa umeshakatwa, mtoto wake wa pili alikuwa amezaliwa? Na usikimbilie namba zilizogongwa kwenye matufe ya kisasa ukidhani ni mwaka wa kutengenezwa. Mara nyingi ni mwaka ambao muhuri wa ukaguzi unakoma kuwa halali, na mimi nilikosea picha kadhaa kwa sababu hiyo.

Pia kuna hadithi tamu, na kila klabu inazo. Mchezo mzima una ya kwake: kwamba mwaka 1588 Francis Drake, kamanda wa majini wa England, aliambiwa manowari za Hispania zimeonekana, naye akaamua kumaliza kwanza mchezo wake wa bolsi pale Plymouth, mji wa bandari wa England. Maandishi ya mwanzo kabisa yanayogusa tukio hilo ni ya mwaka 1624, miaka 36 baadaye, nayo yanasema tu kwamba makamanda walikuwa wakicheza. Maneno ya Drake yaliongezwa baadaye sana. Siishauri klabu yoyote ifute hadithi ya namna hiyo. Iandike, taja nani aliisimulia na lini, kisha weka kando yake kile ambacho karatasi zinathibitisha. Mwanzilishi wetu anasemekana alipima uwanja kwa hatua zake mwenyewe usiku wa mbalamwezi. Nimeliweka hilo kama lilivyosimuliwa, na chini yake nimeweka stakabadhi ya mpima ardhi.

Kama kuna ugomvi ambao wahusika wake wangali hai, mpe kila mmoja kurasa zinazomhusu azisome kabla hazijachapwa. Arekebishe makosa, aongeze upande wake. Haki ya kufuta tukio lenyewe hana, na mwambie hivyo kabla hajaanza kusoma.

Picha ziandike nyuma kwa penseli, jina kwa jina kuanzia kushoto, wakati bado yupo anayewatambua. Hilo lifanye wiki hii, hata kama kitabu ni cha mwakani. Kisha chapa nakala chache kwanza, na mwishoni acha kurasa tupu za masahihisho. Sisi tulifanya hivyo, na kabla mwezi haujaisha mama mmoja alikuja na daftari la marehemu mama yake: matokeo ya michezo ya akina mama ya katikati ya wiki, msimu baada ya msimu, kwa penseli, na majina yao yote kamili. Toleo la pili linaanzia hapo.