Majeruhi akikoroma usimwache: niliyojifunza kwenye ambulensi na ninavyowafundisha wengine

Usiku mmoja tuliitwa barabara ya Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze, bodaboda imegongana na lori. Tukamkuta kijana amelala chali pembeni ya lami, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti na mfupa umetoka nje kabisa, suruali imelowa damu, watu wamemzunguka na tochi za simu na wote wanamulika mguu. Na mimi nikaenda mguuni. Nilikuwa nesi wa miaka sita tayari, nimeshafanya wodini, nimeshafanya leba, nikavaa glavu nikaanza kutafuta bandeji na mabanzi. Anko, dereva wetu, ndo akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, mbona huyu anakoroma?"

Kugeuka usoni nakuta mdomo umejaa damu na ulimi umerudi nyuma. Kijana anazama kwenye damu yake mwenyewe na mi nahangaika na mguu. Nikashika pembe za taya nikazisukuma mbele, Anko akachukua mashine ya kunyonya, akawasha, kimya, betri haina chaji. Tukamgeuza ubavu kwa pamoja, mmoja kashika kichwa na shingo visipinde, damu ikamwagika nje, nikafuta ile niliyoiona kwa chachi, mkoromo ukapungua alafu nikasikia hewa inaingia. Alifika hospitali anapumua, ila ile dakika niliyoitumia mguuni sijawahi kuisahau.

Siku hizi nafundisha manesi, matabibu na madereva wanaosindikiza wagonjwa, kwa sababu kwetu ukiacha sehemu chache, kwenye ambulensi unamkuta nesi na dereva, basi, na hao ndo watoa huduma za dharura tulionao. Nimeona makosa yaleyale niliyofanya mimi yakirudiwa na watu wenye akili nzuri kabisa, kwahiyo naandika kwa wanaojifunza na kwa wakufunzi wenzangu pia.

Kila mtu anaijua ABCDE. Muulize darasani atakutajia bila kupumzika, njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, alafu mvue nguo umwangalie mwili mzima na umfunike asipate baridi. Shida iko kwenye mikono. Ukimpeleka mbele ya mgonjwa mwenye kidonda kibaya mikono inakimbilia kidonda, maana jicho la binadamu linavutwa na damu, hata la nesi mzoefu. Kukariri hakutibu hilo, mazoezi ndo yanatibu. Mimi naenda buchani naomba mfupa wa mbuzi, nachukua uji wa ngano na rangi nyekundu ya chakula, namfunga mwanafunzi mmoja mguuni chini ya goti hadi paonekane mfupa umetoka kweli, kisha namwambia kwa siri akorome. Wanaoingia wanajua tu kwamba ni ajali. Atakayegusa mguu kabla ya kuweka sikio mdomoni kwa mgonjwa namsimamisha, anatoka nje, anaanza upya. Siku ya kwanza karibu wote wanatoka nje, siku ya tatu unaona mtu anapita juu ya mguu kama haupo na kwenda moja kwa moja kichwani, hapo moyo wangu unatulia.

Jambo moja linatangulia njia ya hewa, nalo ni damu inayoruka au inayomwagika kwa wingi. Hiyo unaibana kwanza, kwa mkono wako wote na uzito wako, sio kuweka chachi juu na kuangalia. Ikigoma na ni mkono au mguu, funga mkanda wa kukaza upande wa juu wa jeraha, kuelekea kiwiliwili, sio kwenye kidonda chenyewe, kaza mpaka damu isimame, andika saa uliyofunga, kwenye ngozi ya mgonjwa kwa kalamu kama hakuna karatasi. Alafu unarudi kwenye hewa.

Na kingine cha kwanza kabla ya vyote ni usalama wako. Barabara ya usiku yenye malori, gari lililopinduka linavuja mafuta, nguzo ya umeme imeanguka. Anko alikuwa anapaki ambulensi mahali inapotukinga na magari yanayokuja, taa zinawaka, ndo ananiruhusu nishuke, na hiyo nayo ni huduma japo hakuna anayeiandika kwenye fomu.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniumiza sana, kuhesabu pumzi. Chukua fomu zozote za rufaa uzisome, utakuta wagonjwa wote wanapumua mara 20 kwa dakika, mtoto 20, bibi mwenye nimonia 20, wa ajali 20. Watu hawahesabu, wanaandika. Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya 12 na 20, na pumzi huwa inabadilika mapema, kabla presha haijashuka, kwahiyo ukiona 32 huyo mtu anakuambia kitu hata kama anakujibu vizuri na presha yake ni nzuri. Hesabu dakika nzima. Weka mkono kifuani kama giza, angalia saa, hesabu. Darasani nawapanga wawili wawili wanahesabiana, alafu mmoja namkimbiza kuzunguka jengo arudi ahesabiwe tena, ili wajue 30 inaonekanaje kwa macho, maana mtu ambaye hajawahi kuiona hataitambua.

Wengi siku hizi wanategemea kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Kizuri sana, nakitumia, lakini kinahitaji damu ifike kidoleni, mgonjwa akiwa na baridi au amepoteza damu nyingi kitakupa namba ya ajabu au kisisome kabisa, na kina mama waliopaka rangi ya kucha au piko unaweza kusumbuka nao hivyohivyo, hamia kidole kingine au sikio. Pia tafiti, ikiwemo ya Marekani ya mwaka 2020, zimeonyesha kwamba kwa watu weusi vidude hivi vinaweza kusoma juu kuliko oksijeni halisi iliyopo kwenye damu. Sisi wote hapa ni weusi. Kwahiyo kidude kikisema 95 na mgonjwa anavuta shingo na mbavu zinaingia ndani, amini mbavu.

Sukari. Yoyote mwenye fahamu isiyoeleweka, anayeongea ovyo, anayepigana, aliyezimia, aliyepata degedege, mpime sukari, usiulize sana. Tuliwahi kuitwa stendi, jamaa amelala kwenye benchi, wapiga debe wanasema huyu mlevi mwacheni atazinduka. Jasho limemtoka mpaka shati limegandana na mgongo, na hakunuka pombe. Sukari 1.9, imeshuka mno. Tukamchoma deksitrozi, maji ya sukari, kwenye mshipa, kabla sijamaliza kusukuma akafungua macho akauliza basi la Iringa limeondoka? Mfukoni alikuwa na kadi ya kliniki ya kisukari. Ile mashine ndogo ya kupima sukari ingekuwa imebaki ofisini tungempeleka kama mlevi.

Alafu rudia. Hapa ndo tunapopoteza watu na hatujui tumewapoteza wapi, kwasababu tathmini nzuri ilifanyika barabarani, mgonjwa akapakiwa, nesi akakaa mbele na dereva, wakifika mlangoni wanafungua nyuma wanakuta mambo mengine. Kaa na mgonjwa. Aliye hatarini mwangalie upya kila dakika 5, kuanzia A tena, aliyetulia kila dakika 15, na kila ukimhamisha, kutoka chini kwenda machela, machela kwenda gari, anza A tena.

Na ufundishe ndani ya gari linalotembea. Kukamua ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua, darasani sakafuni ni rahisi, jaribu kwenye barabara ya vumbi yenye matuta, kioevu cha dripu kinayumba, huoni kifua kinapanda au laa kwasababu gari lote linapanda. CPR pia, kule kubonyeza kifua moyo ukisimama, mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 mpaka 6, kwenye kona huiwezi hata kama una nguvu kiasi gani, na unaweza kuumia wewe, ndo maana moyo ukisimama barabarani mara nyingi ni afadhali dereva asimamishe gari pembeni mfanye vizuri wawili. Hilo dereva lazima alijue kabla, kwahiyo dereva awe darasani siku zote za mafunzo. Yule Anko alikuwa amekaa nyuma ya darasa siku moja tu, akaondoka na neno moja, kukoroma, na hilo neno likamwokoa kijana wa watu.

Hesabu ya oksijeni pia wafundishwe wote wawili. Mtungi wa lita 680 ukiufungua lita 10 kwa dakika unaisha dakika 68. Sasa kama unatoka kituo cha afya mbali huko na hospitali ya mkoa iko masaa mawili, hesabu hiyo unaifanya kabla ya kuwasha gari, sio katikati ya pori.

Kwa wajawazito nisirefushe sana, ila mama mwenye mimba kubwa asilazwe chali kwenye machela, mimba inakandamiza mishipa mikubwa na presha inashuka, mwegemeze ubavu wa kushoto. Siku hizi kupitia m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, namba 115, hata madereva wa jamii wanabeba kina mama pale ambulensi isipokuwepo, na dereva kama huyo akijua tu hilo la ubavu na kwamba damu nyingi baada ya kujifungua ni dharura ya kupiga simu palepale, amefanya kazi kubwa.

Kukabidhi mgonjwa tuliiga kwa wenzetu na inafanya kazi: kimetokea nini na saa ngapi, umeona majeraha gani, vipimo vikoje na vimebadilikaje njiani, umempa nini. Dakika moja, wote wanyamaze wakusikilize. Piga simu kabla hujafika wajue unakuja na nini. Na habari ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, isikucheleweshe wewe wala yeyote pale barabarani, mtu anatibiwa, karatasi inafuata.

Kama wewe ni mkufunzi na unatafuta pa kuanzia, kuna kozi ya siku 5 ya huduma za msingi za dharura ya WHO na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, ilitoka 2018 na ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia, kwahiyo imeandikwa kwa watu wenye vifaa kama vyetu. Bodaboda wa kijiweni nao wasisahaulike, wao ndo wanafika kwanza. Mimi nawafundisha vitatu tu, kubana damu, kumgeuza ubavu anayekoroma huku mwenzako kashika kichwa, na kutomkalisha majeruhi katikati mshikaki kumkimbiza hospitali kichwa kinaning'inia. Jumamosi moja asubuhi inatosha, wanakuja na helmeti zao, tunazitumia kujifunza jinsi ya kumvua mtu helmeti watu wawili, mmoja anashikilia shingo kwa chini, mwingine anavuta polepole, pole pole kweli.

Na wewe unayeingia zamu kesho, kabla hujanywa chai fungua gari, washa mashine ya kunyonya uisikie inanguruma, weka kidole kwenye mpira wake usikie inavuta. Kisha ichomeke kwenye chaji.