Swali kwa fundi wa fimbo: Nivunjie mipira kwa fimbo yangu hii hii moja?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Makambako, nauza vipuri vya pikipiki karibu na njia panda ya Songea, na jioni nacheza pool. Mwaka huu kaka yangu aliniletea kutoka Dar fimbo ya kuunga, ile ya vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu. Ndiyo fimbo yangu ya kwanza na sina nyingine. Navunjia hiyo hiyo, yaani lile pigo la kwanza la kutawanya mipira, nachezea hiyo hiyo. Sasa jamaa mmoja pale tunapocheza ananiambia naiua, kwamba fimbo ya kuchezea haivunjiwi mipira, itapinda. Mwingine anasema huo ni ushamba wa kuiga watu wa kwenye televisheni. Fimbo za pale baa zimechoka, moja haina hata tipu. Kuna kingine kinachonitatiza: mwanzo wa jioni mpira unakwenda ninapotaka, lakini ikifika saa tatu usiku naanza kukosa mipira rahisi, na mara mbili tatu fimbo inateleza kabisa. Je, ninunue fimbo ya pili?
Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu, na kamwene kwa wote huko Makambako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Swali umelielekeza kwenye kupinda, lakini ugonjwa wenyewe umeutaja mwishoni, kama mgonjwa anayemweleza daktari habari za kichwa, akalikumbuka tumbo akiwa mlangoni anatoka. Fimbo yako haiharibiki pale anapoogopa rafiki yako. Inaharibika nchani, kwenye tipu, na ndiyo sababu ikifika saa tatu mkono wako unaonekana umesahau kazi.

Tumalize kwanza la kupinda maana ni fupi. Mimi ni seremala, fimbo nazitengeneza hapa Mwanjelwa pembeni ya viti na makabati. Kila anayeniletea fimbo iliyopinda namuuliza inalala wapi. Inalala imeegemezwa kwenye kona, imesimama kama jembe, au inalala juu ya kabati chini ya bati. Au ilikwenda Kyela kwenye joto la ziwani, ikakaa huko wiki mbili, ikarudi Mbeya mwezi wa saba tunapolala na mablanketi mawili. Mti hata ukishachongwa na kupakwa vanishi unaendelea kuvuta unyevu na kuutoa, na ukiutoa upande mmoja kuliko mwingine, unapinda. Lakini ukivunja mipira kwa mkono ulionyooka, nguvu inapita katikati ya mti kwa urefu wake, na huko ndiko mti unakostahimili kuliko upande wowote. Zamani nilichonga fimbo mbili kwa mlingoti wa Mafinga, nikadhani nimepata biashara. Hazikumaliza masika. Mti ulikuwa haujakauka vya kutosha, fimbo zikapinda zikiwa zimening'inia ukutani, hazijapigiwa hata mpira mmoja. Kwa hiyo yako ifungue vipande viwili kila unapomaliza, iweke kwenye mfuko wake, ilaze. La kupinda limekwisha.

Sasa tipu. Kile kikofia cha ngozi, ambacho kwa fimbo nyingi za Kimarekani kina upana wa milimita 12 au 13, ndicho pekee kinachogusa mpira. Mengine yote, nakshi na skrubu inayong'aa, yapo kwa ajili ya kukibeba. Kinagusana na mpira mweupe kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo ngozi inatakiwa ibonyee kidogo, iushike mpira, kisha iuachie. Kabla ya Mfaransa François Mingaud kuanza kuweka ngozi kwenye fimbo, mwanzoni mwa karne ya 19, watu walipigia mti mtupu, na aliyethubutu kuupiga mpira pembeni aliteleza. Kuuzungusha mpira mweupe, kuurudisha nyuma, kuufanya usonge mbele baada ya kugonga, tunayaweza kwa sababu ya kipande hicho cha ngozi na chaki yake. (Na hiyo chaki siyo ile ya ubaoni. Ile ambayo William Spinks na William Hoskins waliisajili kule Marekani mwaka 1897 ilitengenezwa kwa unga wa silika, na za leo zimefuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana inakwaruza, na kukwaruza ndiko kunakoushika mpira.)

Unapovunja unaibana ngozi hiyo kwa nguvu ambayo huitumii mahali pengine popote katika mchezo. Wachezaji wakubwa huupeleka mpira mweupe kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Pigo moja halina neno. Lakini wewe unacheza labda michezo 15 kwa jioni, na kila unaposhinda unavunja tena. Ngozi inabanwa, inabanwa, uso wake unakuwa mgumu na unang'aa kama sakafu ya saruji iliyopigwa nili. Chaki haishiki hapo. Kingo nazo zinatanuka kuzidi kile kipete cheupe kilicho chini yake, tipu inakuwa kama uyoga. Tipu uliyoanza nayo saa kumi na mbili siyo unayochezea saa tatu. Mkono wako ni ule ule na macho ni yale yale. Ukitaka kuhakikisha, kesho shika tipu yako taani kabla ya mchezo wa kwanza, halafu ishike tena baada ya mchezo wa kumi. Utaona mwenyewe.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa kijana Iringa, nikijifunza kazi kwa fundi mmoja pale Mlandege, nilikuwa na fimbo moja niliyoipenda kuliko nguo zangu. Nilivunja kwa nguvu zote maana mlio ulinipendeza, na watu waligeuka kutazama. Jioni ya nusu fainali ya mashindano yetu ya mtaani, kile kipete cheupe kilikuwa na ufa na mimi sikuuona. Nikavunja, nikasikia kitu kimelia kama kijiti kikavu. Kipete kilipasuka na tipu ikabaki imening'inia. Nikaazima fimbo ya pale, ambayo mkono wangu haukuijua, nikaukosa mpira mweusi uliokuwa umekaa mdomoni mwa shimo. Miaka imepita mingi na bado nauona ule mpira.

Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza kakushauri vizuri, ila sababu aliyokupa siyo. Na wa pili mwambie kuwa kutenga fimbo ya kuvunjia hakukuanza kwa ajili ya kujionyesha. Fimbo hizo zinatengenezwa na tipu ngumu sana, nyingine ya plastiki ngumu badala ya ngozi, kwa kuwa kazi yake ni moja tu na haihitaji kuuzungusha mpira. Tipu hiyo inaongeza mwendo wa mpira kidogo, haifiki hata sehemu moja ya kumi. Faida ninayoithamini mimi ni kwamba wakati hiyo inapigwa, fimbo yako ya kuchezea inapumzika.

Ununue ya pili? Bado. Pesa hiyo iongezee vipuri dukani. Nenda siku moja mapema, kabla watu hawajajaa, uzipitie fimbo za pale moja moja. Weka kitako karibu na jicho uitazame kwa urefu kama seremala anavyotazama ubao, huku ukiizungusha taratibu. Iliyopinda sana utaiona. Iliyopinda kidogo isikutishe, kwa kuvunja inatosha. Gonga kitako sakafuni polepole na usikilize, ikitetemeka kwa mlio kuna kitu kimelegea, iache. Tipu iwepo na iwe imeshika barabara. Ikiwa ngumu kama jiwe, hiyo ndiyo unayoitaka. Uzito usikusumbue. Kanuni za kimataifa zinaruhusu fimbo ya hadi gramu 708, lakini nzito namna hiyo inachelewa mkononi, na mwendo wa mkono ndio unaoitawanya mipira. Chukua inayokaribiana na yako, kusudi mkono usishangae unapobadilisha. Nina hakika katika fimbo zile zilizochoka ipo moja inayofaa.

Na kama kweli hakuna, vunja kwa yako bila hofu, ila punguza. Tumia theluthi mbili ya nguvu zako. Upige mweupe katikati kabisa, wala juu wala chini, uende kukutana na mpira wa mbele uso kwa uso, na baada ya hapo mweupe ubaki maeneo ya katikati ya meza. Mweupe unaoruka na kuangukia miguuni mwa watu ni dalili kwamba nguvu imekwenda kusikotakiwa. Kanuni za kimataifa za mchezo wa mpira nane zinataka unapovunja uingize mpira, au walau mipira minne iguse kingo za meza. Kelele hazimo. Corey Deuel wa Marekani alishinda mashindano ya wazi ya nchi yake ya mpira tisa mwaka 2001 akivunja taratibu, huku akijua mpira upi utaelekea shimo gani. Vijana wetu wengi wanaovunja kana kwamba wanapasua kuni sijui kama wangemtambua kuwa ni bingwa.

Kila baada ya kuvunja, geuza ncha uitazame kabla ya kupaka chaki. Weka mfukoni kipande cha msasa laini, na ukiona uso unang'aa ukwangue mara mbili tatu, basi, hadi urudi kuwa na ukungu. Kingo zilizotanuka usizikate na wembe, mti wa mbele utaujeruhi. Hilo lete kwa fundi.

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina meza moja Tukuyu, mbele ya duka langu la vinywaji. Wateja wanavunja kwa nguvu mpaka wananiharibia fimbo, na mipira yenyewe haitawanyiki, inabaki imekusanyana kama kuku walionyeshewa. Ni meza mbovu?
Mama mwenye meza, Tukuyu

JIBU: Njema mama, pole na mvua za huko. Meza yako nadhani ni nzima. Tatizo lako lipo ndani ya pembetatu, ile fremu ya kupangia mipira. Mipira isipogusana, hata nafasi ya unywele ikibaki kati ya mmoja na mwingine, nguvu inapotea njiani na mteja anaongeza nguvu bure, fimbo ndiyo inayolipa. Osha mipira yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikaushe kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya chipsi na vumbi la chaki vinaifanya inatane. Kisha tazama kitambaa pale inapopangwa. Kwa miaka ya kugongwa huwa panakuwa na vishimo vidogo, na mipira inatulia humo badala ya kusogeleana. Mpangaji aisukume kwa vidole kutoka nyuma hadi ishikane, ndipo ainue pembetatu. Usiku funika meza kwa turubai, kwa sababu kitambaa chenye unyevu kinaukaba mpira, na kwenu unyevu haukosekani.

Na kati ya fimbo zako chagua moja, ile ya mti mmoja usiounganishwa, uifunge utepe mwekundu wa fundi umeme kitakoni, uwaambie wateja hiyo ndiyo ya kuvunjia. Tipu yake ikiisha nitumie kwa gari la asubuhi, nitabandika ngumu na itarudi na gari la jioni.