Kuala Terengganu kwa Siku Moja: Fuata Saa ya Mji

Msomaji wa Mombasa ameniandikia wiki hii. Anatoka kisiwa cha Redang kwa boti ya asubuhi, ndege yake ya kwenda Kuala Lumpur ni jioni ileile, naye anauliza aone nini Kuala Terengganu, mji mkuu wa jimbo la Terengganu huko Malaysia, hapo katikati.

Jibu la kwanza linahusu ndege: isogeze hadi kesho yake. Boti ya Redang hufika gati la Shahbandar kwa muda wa kama saa moja na nusu bahari ikiwa shwari, lakini bahari ikichafuka huchelewa au haing'oi nanga kabisa. (Novemba hadi Februari ni msimu wa dhoruba, na hoteli nyingi za visiwani hufungwa.) Sababu ya pili ni tumbo. Chakula kinachoupa mji huu sifa huuzwa asubuhi, na anayeshuka botini saa tano hukuta sufuria zimeshaoshwa. Basi lala mjini usiku mmoja, uamke mapema.

Tazama pia ni siku gani. Terengganu hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Adhuhuri huingia karibu na saa saba mchana, kwa hiyo Ijumaa usipange shughuli yoyote ya dukani kuanzia saa sita hadi saa nane. Kama unaweza kuchagua, chagua kati ya Jumapili na Alhamisi.

Anza na nasi dagang. Ni wali wa tui, ila usiufikirie kama wali wa nazi wa kwetu, maana huu hauchemshwi. Mchele hulowekwa saa kadhaa, kisha hupikwa kwa mvuke. Ukiiva nusu huepuliwa, hunyunyiziwa tui zito na kugeuzwa taratibu, halafu hurudishwa kwenye mvuke. Mwishoni hutiwa tui tena, pamoja na tangawizi, vitunguu vidogo vyekundu na mbegu za uwatu. Tui likimwagwa lote kwa mkupuo mmoja, wali hulowa na kushikana, ndiyo maana hutiwa kwa awamu. Sahani nzuri utaijua kwa macho: punje zinang'aa na kila moja imejitenga na mwenzake, na uwatu unanukia kabla hujaonja. Mchuzi wake ni wa samaki wa jamii ya jodari, wao humwita aya, na pembeni huwekwa achari ya matango. Saa moja asubuhi ni wakati mzuri. Ukifika saa nne, unategemea bahati.

Ukishashiba, nenda soko la Pasar Payang kando ya mto kabla jua halijakaza. Muuzaji mama mtu mzima mwite mak cik, na ukitaka punguzo sema "boleh kurang?" kwa upole. Batiki ndiyo inayowapotosha wageni wengi, kwa sababu hutazama upande mmoja tu. Geuza kitambaa. Kilichochapwa kwa mashine nyuma kimepauka. Kilichotiwa nta ya moto, rangi imepenya hadi upande wa pili. Kisha linganisha maua mawili: yakilingana kabisa kila baada ya hatua ileile, nta imepigwa kwa muhuri, yakitofautiana kidogo, ni kazi ya mkono, na bei kubwa ina haki yake. Songket, kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za dhahabu, ni ghali zaidi. Ukinunua, kiviringishe, usikikunje, maana nyuzi huvunjika kwenye mkunjo.

Mtaa wa Wachina, Kampung Cina, uko hatua chache tu kutoka hapo. Nusu saa inatosha.

Mchana wa jua kali ni wa makumbusho ya jimbo, eneo la Losong. Huko kuna jiwe la maandishi la Terengganu, lililokutwa Kuala Berang, lenye tarehe ya mwaka 702 Hijria, sawa na 1303. Simama mbele yake bila haraka. Ni Kimalay kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, jinsi wazee wetu walivyoandika Kiswahili, na Mwenyezi Mungu ametajwa kwa maneno yaliyotoka Kisanskriti, Dewata Mulia Raya. Aliyesoma chuo cha Kurani utotoni ataanza kutambua herufi mwenyewe, na hilo halipatikani kwenye picha.

Alasiri vuka hadi Pulau Duyong, kwa mafundi wa vyombo vya baharini. Karakana zimebaki chache, hivyo piga hodi na uombe ruhusa kwanza. Mtu wa Lamu au Unguja atashangaa hapa. Fundi hachori ramani. Mbao ngumu za mti wa chengal hupangwa kwanza kutoka kwenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, hufuata baadaye. Mbao huunganishwa kwa vigingi vya mti, na katikati ya ubao na ubao huwekwa gome jembamba la mti wa gelam. Chombo kikiingia majini, gome hunywa maji, huvimba na kuziba. Kwetu pamba ya kalafati hushindiliwa baada ya mbao kukaa mahali pake. Kwao kizibo huingia pamoja na ubao, kwa hiyo ubao usiporandwa sawasawa, fundi hufungua na kuanza upya.

Jua huzama karibu na saa moja usiku. Maghrib iswali Masjid Kristal, uliofunguliwa mwaka 2008. Kioo chake hupendeza taa zikiwaka, si mchana.

Imebaki keropok lekor. Ni nyama ya samaki iliyopondwa na unga wa sago na chumvi, ikaviringishwa kwa mkono na kuchemshwa mpaka ielee. Ukiuma na kuhisi mpira, unga umezidi samaki. Ya kuchemsha huchacha haraka nje ya friji, hivyo uile ingali moto palepale na mchuzi wa pilipili. Ya kubeba hadi nyumbani ni keropok keping, vipande vilivyokaushwa juani. Vipange kwenye begi la mkononi, maana kwenye sanduku hufika unga.