Kabla ya Kuzipiga Randa Mbao za Saipresi Zilizoopolewa Mtoni

Wateja wanaokuja karakana kwangu, hapa Louisiana, kuulizia mbao za saipresi zilizoopolewa mitoni huanza na bei, ilhali swali la kwanza lingekuwa kama zimekauka. Saipresi hii, ambayo si ile ipasuliwayo mbao Kenya na Tanzania, huota kwenye vinamasi vya kusini mwa Marekani, na misitu yake ya kale ilifyekwa karibu yote kati ya miaka ya 1880 na 1920. Wakataji waliondoa ukanda wa gome kuzunguka shina miezi kadhaa kabla ya kuuangusha mti, ili ukaukie pale pale uliposimama na uweze kuelea hadi kiwandani. Hata hivyo, magogo mengine yalizama, na matope yenye oksijeni haba yakayakinga yasioze.

Gogo la namna hiyo huwa limeshiba maji. Mbao zake zipangeni kivulini juu ya vijiti vya unene mmoja, hewa ipite kati yake, na vichwa vyake vipakwe nta au rangi nzito, kwa kuwa unyevu hutoka upesi zaidi vichwani na ndiko nyufa zianziako. Mafundi hukadiria mwaka 1 kwa kila inchi ya unene. Mimi huamini kipima unyevu tu, na kwa samani za ndani sianzi kazi kabla hakijasoma asilimia 8 hadi 10. Muuzaji asiyekubali mbao zake zipimwe, achaneni naye.

Kabla ya randa, sugueni ubao kwa brashi ya waya, kwani mchanga uliojificha nyufani humaliza makali ya mashine mara moja, kisha pitisheni kitambua chuma, maana magogo yaliunganishwa kwa minyororo na misumari mikubwa.

Mti huu ni mwororo, hivyo sipendi kuufanyia meza ya kulia chakula. Milango na dari huufaa zaidi. Rangi yake, kuanzia asali hadi kijani cha zeituni na hudhurungi, hubadilika hata ndani ya gogo moja, kwa hiyo pangeni mbao zote sakafuni kabla ya kufungua gundi. Kwa kazi ya nje tumieni kiini peke yake, kwa sababu sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huoza kama mbao nyingine yoyote.