Sentimita 30 nilizozikata: kwa vijana wanaoanza kuunda besi za honi

Juma lililopita kijana mmoja wa huku kwetu Mbagala aliniletea boksi la besi juu ya toyo, akaniomba nimsaidie kujua kwa nini halina besi. Lilikuwa limeundwa kwa mikono yenye adabu: kona zote zilikaa sawasawa kwenye guni, rangi nyeusi ilikuwa imekolea, na vishikio vilikuwa pale pale ambapo mkono wa mbebaji ungevitafuta. Nililipima kwa tepu, nikaingiza mkono mdomoni hadi kwenye mkunjo wa njia ya hewa, kisha nikamuuliza ramani ilitaka kina cha sentimita ngapi. Akanijibu kwamba ramani ilisema 110, lakini yeye aliweka 80 ili toyo iweze kubeba maboksi mawili kwa safari moja. Nilikaa kwenye benchi nikanyamaza kwa muda, kwa sababu sentimita hizo hizo 30 nilizikata mimi miaka 14 iliyopita, kwa sababu hiyo hiyo, na nilizilipia.

Mwaka huu peke yake yeye ni wa nne. Ninawapenda vijana hawa, nimewaazima vifaa vyangu na nimekula nao mchana, lakini nimechoka kuona spika nzuri zikiunguzwa kwa kosa ambalo tayari limekwisha kulipiwa na mtu mwingine. Kwa hiyo ninaandika, nikijua kwamba kukata plaiwudi na kutofautisha skupu na honi iliyokunjwa mnakufahamu.

1. Honi ni njia ya hewa. Boksi la kawaida lenye tundu linaweza kuvumilia ukibadilisha umbo lake, mradi ujazo wa ndani na tundu vibaki vile vile. Ukilifanya jembamba na refu, au fupi na pana, litaendelea kupiga karibu sawa. Honi haina uvumilivu huo. Koni ya spika ya inchi 18 ina eneo la karibu sentimita za mraba 1,200, nayo inailazimisha hewa ipite kwenye koo lenye nusu ya eneo hilo au pungufu kidogo, kisha njia inapanuka polepole hadi mdomoni, ambako sauti inakabidhiwa kwa uwanja. Kazi yote inafanyika katika safari hiyo. Katika joto letu la pwani sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo wimbi la 40 Hz (mitetemo 40 kwa sekunde) lina urefu wa mita 8.75, na njia ya honi inayotaka kuligusa haipaswi kuwa fupi kuliko robo yake, yaani karibu mita 2.2. Sikuchagua 40 Hz kwa ajili ya kujivuna, kwa maana waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa bila kubanwa, hutoa 41 Hz, na muziki wetu mwingi umesimama juu ya waya huo.

Ile ramani ya kina cha 110 ina mkunjo mmoja: njia inakwenda nyuma mita 1.1 na kurudi mbele mita 1.1. Ukitoa sentimita 30 kwenye kina, umezitoa mara mbili, na njia imebaki mita 1.6. Robo ya wimbi inayoingia humo ni ya 55 Hz. Ule waya mnene umeachwa nje, na noti zinazoufuata kwenda juu, hadi karibu na waya wa pili, zimeachwa pamoja nao.

2. Kinachopotea kwa msumeno hakirudishwi kwa ekwalaiza. Hapa nitakaa kidogo.

Spika zangu mbili za kwanza za inchi 18 nilizinunua Kariakoo kwa fedha ambazo mke wangu alikopa kwenye kikoba chake. Ramani nilipewa na fundi mzee aliyenionya nisiiguse. Nilikuwa nimekubali kazi ya harusi Chamazi, nimepokea malipo ya awali, na nimekodi kirikuu. Siku nne kabla ya harusi nilikwenda kuipima bodi ya kirikuu na kukuta urefu wake haufiki mita 2, wakati maboksi yangu mawili yakipangwa moja nyuma ya jingine yalihitaji mita 2.2, na bado kulikuwa na amplifaya. Plaiwudi zilikuwa hazijakatwa. Ningeweza kumwomba mwenye gari arudi mara ya pili, jambo ambalo lingenigharimu mafuta na saa moja. Badala yake nilikaa na penseli usiku, nikapunguza kila boksi hadi sentimita 80, nikausogeza mkunjo mbele kwa kukadiria kwa macho, koo na mdomo nikaviacha kama vilivyokuwa, na nikalala nikiamini nimetatua tatizo.

Majaribio niliyafanya uani kwa singeli, na hapo ndipo nilipodanganyika, kwa sababu kishindo cha ngoma za singeli nilizopiga kilikuwa zaidi juu ya 60 Hz, na honi yangu fupi ilikitoa kwa nguvu iliyotikisa mabati ya jirani. Watoto walikuja kucheza langoni. Sikupiga taarabu hata wimbo mmoja.

Harusini, baada ya chakula, watu wazima waliomba taarabu. Gitaa la besi lilianza vizuri juu juu, likashuka, na kila liliposhuka kwenye waya mnene lilitoweka, kana kwamba mpigaji ameinua mkono. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi aliinuka kwenye kiti chake, akaja hadi mezani kwangu na kuniuliza kwa upole, “Fundi, mwanangu, gitaa la besi limekwenda wapi?” Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na ekwalaiza. Niliipandisha 40 Hz kwa desibeli 9.

Kila desibeli 3 huongeza umeme maradufu, hivyo desibeli 9 ni mara 8: amplifaya iliyokuwa ikituma wati 100 kwenye noti ile sasa ilitakiwa kutuma 800. Na chini ya mpaka wa honi, hewa ya njiani haiipi koni kitu cha kusukuma. Mzigo unaopaswa kuizuia haupo, kwa hiyo koni inakwenda mbele na nyuma kupita kiasi huku sauti ikiongezeka kidogo sana. Nilianza kusikia ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole. Nilidhani ni skrubu ya kishikio iliyolegea, nikaenda kuibana. Ilikuwa ni koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni, ikigonga bamba la nyuma la sumaku. Kisha ikaja harufu ya vanishi iliyoungua, kali, inayokaa puani, na boksi la kushoto likanyamaza. La kulia lilimaliza nyimbo tatu zaidi.

Harusi iliendelea kwa spika za juu peke yake, nyembamba kama redio ya jikoni, na hakuna aliyenitukana. Asubuhi nililifungua boksi la kushoto kwa jigso, kwa sababu nilikuwa nimeligundisha pande zote bila kuacha mlango. Waya za koili zilikuwa zimechomoka kwenye mrija wake na kujisokota, na ukingo wa koni ulikuwa umechanika upana wa vidole vinne. Nilirudisha malipo ya awali. Mkopo wa kikoba mke wangu aliulipa kwa miezi saba kwa fedha za maandazi, akiamka saa tisa usiku, na katika miezi hiyo yote hakuniuliza hata mara moja kuhusu spika zile. Nikiwaona mnashika msumeno kuilekea ramani, ninachokumbuka ni mwanga wa jiko lake dirishani.

Baada ya muda mrefu nilijifunza kutumia Hornresp, programu ya kukokotoa honi itakavyopiga kabla hujaiunda, ambayo David McBean wa Australia aliiandika na kuitoa bure. Niliingiza njia ya mita 2.2, kisha ya mita 1.6, spika ile ile, koo lile lile, mdomo ule ule. Kwenye grafu, mstari wa pili uliporomoka pale pale ambapo mzee alilipoteza gitaa. Kompyuta ya kukodi kwa saa moja ingenionyesha jambo hilo kabla sijakata ubao hata mmoja.

3. Kichujio cha chini huwekwa kabla ya wimbo wa kwanza kupigwa. Kwa honi ya 40 Hz mimi hukata chini ya 35 Hz kwa mteremko wa desibeli 24 kwa oktava, na spika iliyounguzwa kwa kukosa kichujio hicho nimeacha kuihurumia.

4. Someni namba za Thiele na Small, zinazoeleza tabia ya spika, zilizo kwenye karatasi yake. Honi ya mbele yenye chemba iliyofungwa nyuma inataka sumaku yenye nguvu na Qts (kipimo cha jinsi koni inavyodhibitiwa isiendelee kutetemeka) ya chini, karibu 0.3 au pungufu. Ukubwa wa wati uliochapishwa kwenye kasha hausemi lolote kuhusu hilo, na koni laini isiyo imara itapasuliwa na shinikizo la koo.

5. Acheni mlango wa kutolea spika, wenye skrubu na sponji ya kuziba, na kabla ya kuliunga boksi hakikisheni kwamba spika yenyewe inapita kwenye mlango huo.

6. Chemba ya nyuma isivuje. Piga sauti ya chini kwa kiasi kidogo, washa kijiti cha udi na ukipitishe polepole kwenye kila kiungo na kwenye tundu la waya. Mahali moshi unapotetemeka au kuvutwa ndani, hapo pana ufa. Kijana mmoja niliyemfundisha njia hii alipitisha udi kwenye boksi lake lote bila kuona kitu, akaja kulalamika kwamba bado linakoroma. Tulirudi pamoja, nikamwomba azime feni. Moshi ulipotulia, tundu la waya liliunywa kama mtu anayevuta pumzi, na alicheka hadi akakaa chini.

7. Msitumie MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) hapa pwani, kwani ikinyonya unyevu huvimba kingo na haishiki tena skrubu. Tumieni plaiwudi ya marini ya milimita 18, pakeni gundi kwenye kila kingo iliyokatwa, na tieni mihimili kwenye kuta pana, kwa sababu ukuta unaotetemeka unakula besi ambayo mmeitolea jasho.

8. Jaribuni pande za umeme kwa betri ya volti 1.5: chanya kwenye chanya, koni isogee mbele, na maboksi yote yafanye hivyo.

9. Honi moja peke yake ina mdomo mdogo. Kwa 40 Hz, mdomo kamili katikati ya hewa ungekuwa duara lenye kipenyo cha karibu mita 2.8, ambao hakuna mlango wa Mbagala unaoupitisha. Ardhi hupunguza mahitaji hayo ya eneo kwa nusu, na ukuta wa nyuma huyapunguza tena. Paul Klipsch wa Marekani aliielewa siri hii, na honi yake ya miaka ya 1940 iliwekwa kwenye kona ya chumba ili kuta zenyewe ziikamilishe. Sisi tunaofanya kazi viwanjani tunayabananisha maboksi manne, midomo ikigusana, yakiwa chini ardhini, na kamwe hatuyatawanyi mawili kulia na mawili kushoto kwa ajili ya kupendeza macho.

10. Sauti iliyosafiri mita 2.2 ndani ya boksi inachelewa milisekunde 6 hivi, kwa hiyo chelewesheni spika za juu kiasi hicho kisha mrekebishe kwa masikio, mkianza na wimbo wenye gitaa la besi linaloshuka.

Yule kijana wa toyo aliniuliza kama boksi lake linaweza kuokolewa. Linaweza, kwa sababu alitumia skrubu kwenye ubao wa nyuma na hakupaka gundi upande huo, jambo ambalo mimi sikulifanya. Jumamosi tutakwenda Keko kukatisha plaiwudi ya kurefusha kuta kwa sentimita 30, tutauhamisha mkunjo, na ubao mmoja wa ndani utabidi ukatwe upya kabisa. Nimemwambia aje na spika yake ikiwa nje ya boksi, imefungwa kwa kanga, na azungumze mapema na mwenye toyo kuhusu safari mbili.