Tulipanda mikoko, sasa tuhesabu nini?

Asalam aleykum ami. Sisi ni kikundi cha kina mama hapa Mkunumbi, Lamu, tulipanda mikoko kwenye tope lililobaki wazi miti ilipokatwa, sasa wafadhili wanataka kila mwaka asilimia iliyopona. Mwanzo tulihesabu mmoja mmoja, lakini mwaka huu hatujui upi tulipanda upi umejiotea. Tufanyeje?

Waaleykum salaam mamangu. Huo uliojiotea ndo habari njema yenyewe, msiung'oe wala msiufiche kwa ripoti! Watu wamekazania "imepona mingapi" manake ni namba rahisi, lakini mistari ya aina moja tu, mkoko mtupu, bado si msitu, msitu wa kwetu una aina nyingi: mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, muia, na mlilana kule mbele baharini, kila mmoja na mahali pake kulingana na maji yanavyofika.

Kuhesabu kila mche mtachoka bure. Pimeni viwanja vichache vya mita 10 kwa 10, kuanzia ukingo wa bahari mkielekea nchi kavu, kwenye pembe mchimbie vipande vya bomba la plastiki, muandike na jipiesi ya simu ili mwakani mrudi pale pale. Na msichague penye kupendeza tu, mchezo huo naujua.

Ndani ya kiwanja kila mti andikeni jina lake (wakataji boriti wanaijua hata kwa jani, chukueni mmoja), miche muigawe kwa kimo: chini ya sentimita 40, 40 hadi 150, na iliyozidi hapo. Ikiwa midogo ni tele na ya kati hamna, kuna kitu kinaiua, angalieni kama maji yanatuama ama mbuzi wanatafuna mchu. Miti mikubwa pimeni unene mita 1.3 kutoka chini, ila mkoko ule wenye mizizi mirefu pimeni sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa.

Kiwanja kimoja kiwe kwenye msitu jirani ambao haujaguswa sana, kingine mahali wazi ambapo hamkupanda kitu, mpate kulinganisha na penu. Hiki cha pili wengi hawakitaki, kwa sababu kikijaa miche chenyewe wafadhili watauliza pesa za kupanda zilikuwa za nini, lakini afadhali mjue mapema.

Nendeni maji yakipwa siku za bamvua (mwezi mwandamo au mpevu, maji yanapotoka mbali zaidi), mwezi ule ule kila mwaka. Kwa wafadhili semeni asilimia ni ya hesabu ile ya kwanza, kuanzia sasa mtatoa idadi kwa kila kiwanja na kwa jina la mti.