Helen Keller alijifunzaje lugha?

Mkuu umeuliza Helen Keller alijuaje maneno wakati haoni wala hasikii, jibu ni mkono. Alizaliwa Alabama, Marekani, 1880, akaugua akiwa na miezi 19 tu, akapona lakini macho na masikio ndo basi tena. Machi 1887 akaletewa mwalimu, Anne Sullivan, binti wa miaka 20 ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu, huyu dada mi namheshimu sana aisee. Alikuwa anamwandikia herufi kwa vidole kwenye kiganja, mtoto anaiga tu bila kuelewa, hadi siku moja akampeleka kwenye pampu, maji yanamwagika mkono mmoja huku mwingine anaandikiwa neno maji kwa Kiingereza, tena na tena, na hapo ndo akashtuka kumbe kila kitu kina jina! Siku hiyohiyo akataka kujua majina ya vitu vingine kibao.

1904 Helen akamaliza digrii chuo cha Radcliffe, Anne akimwandikia lekcha kiganjani. Baadaye akazunguka nchi zaidi ya 30 akipigania wasioona wapate shule na kazi, pia alidai wanawake wapige kura.